Neno la Zizini

Daktari Sgambati alilishika daftari la baba
kwa vidole viwili, kama mtu amshikavyo panya mkiani,
akasoma ukurasa wa kwanza, wa tisa, wa arobaini,
akavua miwani.
"Bibi," akaniambia, "hii ni *farragine*.
Bei na bei, sala na sala: zitenganishe, kisha urudi."

Sikuuliza maana. Pua yake ilishanitafsiria.
Basi la saa nane likanirudisha milimani,
daftari mapajani, limefungwa kwa uzi wa kufungia soseji,
nami njia nzima nagombana na neno nisilolijua.

Humo ndani: bei ya chumvi mwaka wa theluji kubwa.
Dawa ya ndama anayeharisha.
Deni la Quintiliano, lire elfu mbili.
Sala ya kufukuza mvua ya mawe,
na chini yake, kwa wino uleule: *haikusaidia*.
Tarehe niliyozaliwa, imebanwa
kati ya ng'ombe Stellina kuzaa
na paa la ghala kuvuja.
Ndoto moja. Moja tu:
mama yu hai, anamenya vitunguu, hasemi kitu.

Shangazi Carmosina alikuwa akichambua maharage.
Nilipolitamka lile neno, mkono wake haukusimama.
"*Ferrana?*"
"*Farragine*, shangazi. Neno la watu wa mjini. Vurugu tupu."
"Nimekusikia. *Ferrana*. Chakula cha ng'ombe."

Akanieleza, kama anayemwelekeza mgeni njia ya jikoni:
Septemba, mvua ya kwanza ikishalainisha udongo,
unatia gunia moja shayiri, oti na dengu-mwitu,
unazamisha mkono hadi kwapani, unakoroga,
kisha unamwaga vyote kwa ngumi moja.
Dengu-mwitu haina mgongo, huparamia shina la oti.
Shayiri hutangulia, huukamata udongo kabla ya baridi.
Aprili unakata ikiwa mbichi, ina umande,
na maziwa ya wiki hiyo, mwanangu, yananuka kijani.

"Na kila mbegu ikipandwa peke yake?"
"Nusu italazwa na upepo. Nusu ng'ombe ataitazama tu."
Akapuliza makapi kwenye sinia.
"Vurugu ni ng'ombe kupiga ndoo teke.
Huo ni mseto. Mtu kakusudia."

Usiku nikaifungua kamusi ya Kilatini ya kaka Evasio,
aliyekaa seminari miaka miwili
kisha akatoroka na binti wa mshona viatu.
*Far*: ngano ya kale, yenye ganda gumu.
*Farrago*: nafaka mchanganyiko za kulishia mifugo,
halafu koma,
halafu: mambo yaliyovurugika.

Koma tu!
Nani alisimama hapo, kati ya zizi na meza ya kuandikia,
akafuta viatu vyake, asitazame nyuma?
Neno moja lilizaa pacha.
Mmoja alipelekwa shule, akavalishwa tai, akajifunza kucheka wengine.
Mwenzake alibaki huku na samadi kwenye kisigino.
Wakikutana mnadani hawaamkiani,
ingawa pua ni ile ile.

Nakiri: mkasi nilikuwa nimeshautoa.
Nilikuwa nimeshakata sala ya mvua ya mawe,
na mgongoni mwake, kumbe, ilikuwapo nusu ya ile ndoto:
vitunguu upande huu, mikono ya mama upande ule.

Nikabandika kwa gundi ya unga.
Mshono unaonekana. Uonekane.

Ukurasa wa mwisho baba aliuacha mtupu.
Nikachonga penseli kwa kisu cha jibini, nikaandika:
*Septemba kumi na tisa. Mvua, kidogo.
Carmosina kachambua maharage kilo tatu, mawe matano.
Kuuliza bei ya oti.
Quintiliano amezikwa leo. Deni liko palepale.*